Dakika Sitini na Saba za Mwanangu

Huku Johannesburg, kila Julai, siku ya kuzaliwa ya yule mzee aliyefungwa kisiwani kwa ajili ya watu wake, kila anayejiweza hutoa dakika sitini na saba kuwatumikia wengine: dakika moja kwa kila mwaka aliopigania haki. Watu wa maofisini huvaa fulana za rangi moja, wakaja kwenye nyumba za wazee kama hii yetu ya Malvern. Mwaka 2017 kundi la kwanza lilitunyoa asubuhi. La pili lilipofika na beseni zake hapakuwa na kidevu chenye ndevu, lakini hatukutaka kuwavunja moyo. Tukanyolewa tena.

"Wa tatu watanyoa mifupa," alisema jirani yangu wa kitanda, mzee wa Kizulu aliyekatwa mguu. "Waanze na wewe, mgeni. Mimi mwenyeji nitasubiri."

Kundi la tatu lilitoka benki moja ya Sandton, na mwanangu alikuwamo.

Alikuwa amenipigia simu jana yake. Tuliongea Kizulu, maana Kiswahili anakisikia tu.

"Baba, kesho watu wa kazini tunakuja hapo kwenu. Sikupanga mimi. Nifanyeje?"

"Fanya kazi yako," nikamwambia.

Nilikuja huku kutoka Tanga na cheti changu cha kidato cha nne, nikaishia kulinda mageti. Mama yake alikuwa wa hapa, akafariki mtoto akiwa darasa la pili. Mtoto alichukua ukoo wa mama na lugha ya mama. Mimi nikifungua mdomo tu, watu wanajua natoka mbali. Wageni walipoanza kufukuzwa na maduka yao kuvunjwa, nilimfundisha mwanangu kutembea ng'ambo ya pili ya barabara, mbali nami. Nilimfanyisha mazoezi jikoni, nikijionyesha kidole. "Yule mzee ni nani?" Alitakiwa ajibu, "Simjui." Akikosea nilimchapa.

Nilidhani namkinga, na huenda nilimkinga kweli. Lakini mambo yalipotulia sikumwambia aache, naye hakuacha. Hata nilipohamia hapa, wauguzi tuliwaambia ni kijana wa mtaani aliyenionea huruma.

Siku hiyo nilikuwa nangoja kitu kimoja: aniite baba mbele ya watu. Sikumwomba. Nilitaka kitoke kwake.

Waliingia na fulana za kijani, wakicheka. Mwanangu alikuja moja kwa moja kwenye kiti changu, akanipaka povu kwenye mashavu ambayo tayari yalikuwa laini.

"Mkhulu, maji si ya moto sana?" Mkhulu ni babu. Ndivyo walivyokuwa wakituita wote.

"Yako sawa."

Bosi wake, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, alisimama nyuma yetu. "Eish, mwangalieni! Mikopo inamshinda, kumbe kazi yake ni unyozi!"

Wakacheka. Binti mmoja akainua simu kupiga picha. "Mkhulu, unaitwa nani? Tutaiweka kwenye ukurasa wetu."

Mwanangu aliweka wembe ndani ya beseni. "Mwache," alisema. "Huyu ni baba yangu."

Nyuso zote zilinigeukia, na mimi nikaona nyuso tu, nyingi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana. Simjui huyu. Mimi sina mtoto."

Bosi alimtazama mwanangu, kisha mimi. "Ni baba yako kweli?"

Mwanangu alinikazia macho na kunisubiri. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema neno. Nilitazama povu likitiririka kwenye taulo.

"Nimemfananisha," alisema hatimaye.

Akanifuta uso vizuri, hata nyuma ya masikio, akaenda kwa mzee mwingine. Muda wao ulipokwisha wakatuaga kwa kupunga mikono.

"Madala, mzee wangu," jirani yangu akasema, "yule kijana ana pua yako."

"Wenye pua hii ni wengi."

Jioni nilikula chakula chote. Nilijaribu kulia, machozi hayakuja. Kosa hili siwezi kuusingizia uzee, wala wale waliokuwa wakitufukuza. Mwanangu alinipa nilichokitaka, nami nikakikataa mbele ya mashahidi.

Jumapili ya pili yake alikuja peke yake. Tuliongea habari za baridi. Nilikuwa nimejiandaa, nikamwambia kwa Kiswahili, "Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli, mimi ndiye niliyedanganya."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa saa. Kisha akaniuliza kama nahitaji blanketi lingine. Nikasema yaliyopo yananitosha.