Kobe wa Wanja

Siku moja ya soko pale Ishiara, mwanangu, haijanitoka kichwani hata leo nikiwa na mvi. Mume wangu Njiru alikuwa ametoka kuuza mbuzi, na badala ya sukari niliyomtuma, alirudi na kobe ndani ya gunia. Alimwokota vichakani njiani. Akamkabidhi binti yetu Wanja, na habari ya sukari ikaishia hapo.

Wanja alikuwa mtoto wetu wa kwanza, na kwa desturi yetu sisi Wambeere alipewa jina la mama yake Njiru. Basi kwa Njiru, yule mtoto alikuwa mama yake. Alimwita "mama" na kumpa nyama yeye kwanza mezani. Mwanamume aliyebishana na madalali wa mbuzi mpaka wakanywea, alikuwa akiomba ruhusa kwa mtoto ambaye hajaanza shule. Ungekuwapo ungecheka, kama nilivyocheka mimi.

Wanja akaamua kobe atalala naye. Tukaweka nyasi kavu kwenye katoni, katoni ikapanda kitandani, na kobe akawa anakumbatiwa kama mwanasesere.

Haukupita muda, macho ya mtoto yakaanza kuvimba na kutoa machozi. Alipiga chafya kila akiamka, mikono ikatoka vipele, kisha kifua kikaanza kupiga miluzi. Hapo kicheko kiliniisha. Niliogopa, mwanangu. Kumsikiliza mtoto wako akitafuta pumzi si jambo la kuzoea. Jirani mmoja alisema ni vumbi, mwingine akasema ni maziwa ya mbuzi, tukamnyima maziwa bure.

Tulipofika zahanati, muuguzi aliuliza kama tuna mnyama ndani ya nyumba.

"Hapana sista," Njiru akajibu. "Mbuzi wako nje."

"Na kobe wangu," Wanja akasema.

"Huyo hana manyoya," Njiru akasema. "Hawezi leta aleji."

Muuguzi akatueleza kwa upole kwamba si jambo la kila siku, lakini wako watoto ambao miili yao humkataa hata mnyama wa magamba. Huenda ni ule unga unaobanduka kwenye ngozi yake, au kinyesi chake, au vumbi la nyasi anazolalia. Yeye mwenyewe hakuweza kusema ni kipi. Akampa mtoto dawa ya kifua, akasema kobe na nyasi zake watoke, matandiko yafuliwe, kisha turudi amwone tena.

Nyumbani Wanja akakunja uso. "Mimi nimekataa," akasema. Njiru akanigeukia na kuniuliza, "Sasa mama nitamlazimisha aje?" Katoni ikabaki kitandani.

Nikamwita mama mkwe, yule Wanja mkubwa. Alikuja, akaweka sikio kifuani mwa mjukuu wake, akasikiliza kwa muda. Kisha akamwita mwanawe.

"Njiru, nani alikuzaa?"

"Ni wewe, mama."

"Basi mama yako ni mimi, na mimi napumua vizuri. Huyu ni mtoto, na hapumui. Jina nilimpa mnikumbuke. Sikumpa ndio mmuogope. Toa hiyo kitu."

Njiru aliibeba katoni akaitoa nje. Wanja alilia, akatununia sote isipokuwa bibi yake, ambaye alimshika mkono wakaenda pamoja kumrudisha kobe vichakani. Nikafua kila kitu. Taratibu miluzi ikanyamaza kifuani, na furaha niliyoisikia siwezi kukueleza. Mpaka leo siwezi kuapa kama ilikuwa magamba au zile nyasi.

Sasa nasikia huko Kinoru mnakoishi mnafuga kobe na mijusi ndani ya vioo, na mnasema kwa kuwa hawana manyoya hawana neno. Sikukatazi kupenda viumbe. Lakini mnyama asilale na mtoto, na mikono ioshwe kila akishikwa. Mtoto akianza kuwashwa, kupiga chafya au kukosa pumzi, usikisie kama majirani zangu. Mpeleke kwa daktari, na umtajie kila kilicho na uhai nyumbani mwako. Na ukiambiwa kitoke, kitoe siku hiyohiyo, hata kama anayelia ana jina la mama yako.

Mungu akujalie watoto wenye vifua safi, na akupe moyo wa kuwaambia hapana huku ukiwapangusa machozi.