Vidole Viwili Juu ya Tairi

Naona haya hadi leo. Wakati wa vita, mimi fundi baiskeli wa Gitega nilimfungia shemeji matairi makubwa kwenye jeep yake, tupite matope na kuwahi arobaini ya dada yangu huko Muyinga. Kwa baiskeli, vidole viwili vikipita kati ya tairi na madigadi, kazi imekwisha. Vilipita. Sikujua kwamba springi za gari hushuka kwa mzigo.

Tukapakia magunia ya mchele, tukapanda pamoja na shangazi. Kona ya kwanza, krrrr!

“Risasi! Laleni!” nikapiga kelele. Tukajitupa mtaroni, hata shangazi.

Nikainua kichwa, nitazame zilikotoka. Shemeji, aliyebaki garini, akazungusha usukani taratibu. Krrrr.

“We fundi,” shangazi akasema akiwa matopeni, “risasi yako iko mu tairi.”