Ua Kifuani, Kiti cha Mbele

Ninyi mliokulia Kamina wakati simu ilikuwa kitu cha ofisini na redio ya nyumbani ilifungwa kwa raba ili isimwage betri zake, nisahihisheni nikiongeza chumvi. Lakini kuhusu maua sitaongeza hata punje, kwa sababu niliyashona mwenyewe kwa vidole hivi, na aibu yake nikaipata mwenyewe.

Siku hizo ua la ndoa halikununuliwa. Lilishonwa, kwa utepe wa satini uliokuja na treni kutoka Lubumbashi, na treni nayo ilifika siku ilipojisikia kufika. Tukiwa uwanjani tunacheza nzango, ule mchezo wetu wa kuruka na kupiga makofi, sketi za buluu zinapepea na vumbi limetufika magotini, tulisikia honi kutoka stesheni na wote tukasimama. Wenzangu waliwaza baba zao waliosafiri, au mkate wa Lubumbashi ulio mweupe kama pamba. Mimi niliwaza utepe. Watoto wa leo wanadhani ua huzaliwa dukani, ndani ya karatasi ya nailoni. Mpe binti wa leo sindano umwambie atunge uzi, ataigeuza huku na huku akitafuta mahali pa kubonyeza.

Fundi wa maua mtaani kwetu alikuwa Tantine Véro, mdogo wake baba, ambaye aliishi nasi. Ushonaji alijifunza kwa masista, na kutoka huko alileta mambo mawili: mikono myepesi na ulimi mzito kama nyundo. Kila alasiri alikaa kwenye barza, kibaraza cha mbele ya nyumba, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, sahani ya pini pembeni, mshumaa umewashwa mchana kweupe. Mshumaa ule ulikuwa wangu. Utepe ukikatwa, ncha zake hufumuka nyuzi, kwa hiyo unazipitisha karibu na moto hadi ziyeyuke kidogo na kushikana. Karibu, si ndani. Nilijua tofauti hiyo kwa vidole vyangu, maana kwa miezi kadhaa nilikwenda shuleni nikinuka satini iliyoungua, na mwalimu akanihamisha karibu na dirisha.

Baada ya moto ndipo kazi yenyewe. Unapitisha uzi kwa mishono mirefu ukingo mmoja wa utepe, kisha unavuta, na utepe unajikunja wenyewe kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Hapo unauzungusha taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, unafunga chini kwa mishono ya nguvu, na waridi liko mkononi. Mimi nilivuta kwa pupa, uzi ukakatika, na Tantine akasema bila kuinua macho:

"Weye Ngoie! Vuta polepole. Hii ruban ilikukosea nini?"

Kwa hiyo sikupewa maua ya kweli. Nilipewa moto wa mshumaa na majani mawili ya kijani ya kushonea chini ya kila ua. Vipande vilivyobaki vilikuwa vyangu nifanye nitakavyo, lakini kwa uzi mweusi. Uzi mweupe ulikuwa haba, Tantine aliuficha ndani ya sidiria yake, na hakuna aliyethubutu kuufuata huko.

Sasa, kwa ninyi mliosahau, sheria ya ndoa za mtaani kwetu ilikuwa hivi. Asubuhi ya ndoa, kabla ya kwenda kanisani, wajomba wa bwana harusi walikuja kumchukua bibi harusi kwa baba yake. Walikalishwa mbele chini ya turubai, pamoja na wakubwa wa upande wetu, wakanyweshwa na kulishwa. Mpaka wajomba wakae, bibi harusi hatoki ndani ya nyumba. Wakikosewa heshima, wanaondoka na kijana wao, na hakuna padri wa kuwarudisha. Na ili watu wasigombee viti, kila mkubwa alivishwa ua la utepe kifuani. Mwenye ua alikaa kwenye kiti cha plastiki na kula kuku. Asiye na ua alikaa kwenye tofali na kula bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo, akishukuru Mungu.

Mwaka ule aliyeolewa alikuwa dada yangu mkubwa, Yaya Georgette, maana yaya kwetu ni dada mkubwa, aliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, hata kuliko samaki wa kukaushwa wa Mulongo, na mnajua nasema nini. Bwana harusi alitoka Kabongo. Tantine alishona maua thelathini, na viti thelathini vikakodiwa. Mimi nikachoma ncha, nikashona majani, na pembeni, kwa vipande vyangu na uzi wangu mweusi, nikashona maua yangu mwenyewe. Yalitoka mazuri. Ukiyatazama kwa mbele usingejua ni kazi ya mtoto wa miaka kumi.

Yalikuwa tisa, na mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hadi leo haujapona: nikisifiwa, natoa. Asubuhi ya ndoa nilitumwa kuchukua vitumbua kwa Mama Mbuyu, aliyevikaanga kando ya barabara. Akaona maua kwenye kikapu changu.

"Eh! Hizi maua ni nani alishona?"

"Ni minyi."

"Weye? Muongo! Basi weye njo fundi wa kweli. Hata bazungu habawezi."

Nikambandika ua hapo hapo. Fundi wa baiskeli akasema vidole vyangu ni vya malaika, akapata lake. Mlinzi wa shule, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, alisema tu, "Si mubaya," nikampa mawili, moja lake na moja la mkewe. Matano yaliyobaki yakaishia kwa wapita njia watano, kila mmoja na sifa yake. Nilifika nyumbani kikapu kina vitumbua tu, na kichwa changu kimevimba kama unga uliolala na chachu.

Mlangoni kwetu alisimama Papa Kalenga, binamu ya baba, mkuu wa itifaki. Alikuwa na filimbi shingoni, na sheria yake ilikuwa moja: ua kifuani, kiti cha mbele. Hakutazama uso wa mtu, alitazama kifua. Lori la wajomba wa Kabongo lilikuwa limepata pancha njiani, kwa hiyo maua yao tisa yalikuwa bado kwenye katoni, na viti vyao tisa vilikuwa wazi. Mama Mbuyu akaja na ua lake. Papa Kalenga akapuliza filimbi, akampeleka mbele. Fundi wa baiskeli, mbele. Mlinzi na mkewe, mbele. Wote tisa walikaa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini, maana kuku alikuwa ameanza kunukia.

Kisha lori likafika.

Wajomba walishuka tisa, makoti yamejaa vumbi jekundu, wakiongozwa na mzee mmoja mrefu, Papa Banza, ambaye alikuwa na nyusi nzito na hakucheka. Walivishwa maua yao, wakapita chini ya turubai, wakasimama. Hakukuwa na kiti. Mahali pa mjomba mkubwa wa bwana harusi alikaa Mama Mbuyu, sahani juu ya mapaja, anatafuna paja la kuku taratibu kama mtu aliyelipia.

"Sisi tuko njiani tangu jana," Papa Banza akasema. "Biti yetu biko wapi?"

Papa Kalenga alianza kuhesabu vifua kwa kidole. Thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili. Alipofika thelathini na tisa filimbi ilimponyoka mdomoni. Tantine Véro hakuhesabu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mbuyu, akalishika ua lake, akaligeuza nyuma. Uzi mweusi. Aliligeuza la fundi wa baiskeli. Uzi mweusi.

"Ngoie," akasema. Jina tu, basi. Ningependa zaidi kupigwa.

Nilimkimbilia Mama Mbuyu nikamwomba anirudishie ua. Akafunika kifua kwa kiganja chenye mafuta.

"Mutoto, kintu ulishanipatia, ni yangu. Minyi sirudishi."

Wajomba wakanong'onezana. Mmoja wao akamwita dereva awashe lori. Kupitia dirisha la chumba nilimwona Yaya Georgette katika gauni lake jeupe, amesimama kwa sababu akikaa gauni lingekunjika, poda inachuruzika na machozi. Alikuwa amesikia yote. Hapo nilielewa kwamba dada yangu angeweza kubaki ndani ya chumba kile bila mume, kwa ajili ya vipande vya utepe na sifa za muuza vitumbua. Nikaenda hadi mbele ya Papa Banza, nikapiga magoti.

"Papa, ni minyi nilishona zile zingine. Balinisifu, nikabapatia. Yaya hana kosa."

Mzee alinitazama. Kisha akalitazama ua lake mwenyewe, akalitazama la Mama Mbuyu.

"Kwa hiyo hapa maua ya mukubwa na maua ya muuzaji iko sawasawa?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi shona ingine. Ya minyi. Muntu akiona, ajue. Ikiwa muzuri, nakaa. Ikiwa mubaya, tunarudia Kabongo na mutoto wetu."

Utepe ulikuwa umekwisha nyumbani. Tantine akatoka nje, akaenda kwenye pikapu ya kumpeleka bibi harusi kanisani, akaung'oa utepe mpana uliopamba boneti yote. Akachomoa sindano kwenye kilemba chake. Halafu, mbele ya watu wote na wajomba tisa, akaingiza mkono ndani ya sidiria, akatoa uzi mweupe, akanipa.

Nilikaa chini, miguuni pa Papa Banza, nikaanza. Kilichosikika ni Mama Mbuyu tu akivunja mfupa. Mara ya kwanza nilivuta kwa pupa, uzi ukakatika, na wajomba wanane wakaguna kwa pamoja. Nikatunga uzi upya, nikavuta polepole, utepe ukajikunja, nikazungusha, nikazungusha, na kwa kuwa utepe ulikuwa mrefu na mimi nilikuwa na hofu ya kuacha, niliendelea kuzungusha hadi ua likawa kubwa kama kabichi. Nilijichoma kidole mara nne. Tantine alilibandika kwa pini tatu, na koti la mzee likainama upande mmoja.

Papa Banza alishusha kidevu kulitazama. Lilimfika karibu na sikio. Akamgeukia Papa Kalenga.

"Weye wa filimbi. Sasa mukubwa hapa ni nani?"

Papa Kalenga alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, kile pekee chenye mto, ili apumzishe miguu. Sheria ilikuwa yake, angefanya nini? Alisimama, akaufuta mto kwa kitambaa, akampisha. Wajomba wengine wanane waliletewa benchi kutoka jikoni, wakabanana mbele, na Mama Mbuyu kwa ukarimu akasogea kidogo kumpa mmoja nusu ya kiti chake.

"Wafwako, mwana," mzee akaniambia, asante ya Kiluba, na zile nyusi zikainuka kidogo. Mlango ukafunguliwa na Yaya Georgette akatoka. Alipopita karibu nami nilifumba macho nikingoja kufinywa. Nilisikia kicheko. Alikuwa amemwona mjomba mkwe na kabichi lake, akashindwa kujizuia, akaenda kuolewa anacheka huku poda imechora mifereji mashavuni.

Adhabu nilipata, msidhani sikupata. Wiki mbili bila sindano, na jikoni kuosha sufuria zote thelathini za ndoa. Lakini adhabu kubwa ilimpata Tantine, kwa sababu baada ya siku ile kila mjomba wa Kamina alitaka ua kubwa kuliko la mwenzake. Ilifika mahali mzee mmoja alikula kuku kwa kuinua ua kwa mkono mmoja kama pazia. Haya, hapo nimeongeza chumvi, lakini kidogo.

Mwaka huu Yaya Georgette amemwoza binti yake. Maua yaliagizwa kwa simu, ya plastiki, yameganda kwa gundi, na ukigeuza nyuma huoni mkono wa mtu yeyote. Mlangoni alisimama kijana mwenye vitu masikioni na orodha kwenye simu, akatuvisha bangili za karatasi. Viti vilikuwa na majina. Muuza vitumbua alibaki barabarani na vitumbua vyake. Wajomba walikaa mahali pao wakiinamia simu, bibi harusi alitoka saa iliyoandikwa, na hakuna aliyelia wala kupiga magoti wala kuogopa kwamba mtu angeondoka.

Tantine Véro ametutoka, na katika ukumbi ule uliopangwa vizuri nilimkumbuka. Yaya alikuwa ameketi kando yangu. Aliangalia mbele, akaangalia nyuma, akaniinamia sikioni.

"Ngoie, hii ndoa ya leo, kesho tutaelezea bantu nini?"

Dada yangu, mama wa bibi harusi, akanishika mkono chini ya meza, na tukakaa hivyo, wazee wawili wenye bangili za karatasi, tukingoja mtu akosee.