Siku Nilipomwonyesha Mama Mkwewe Akila

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu ni Ijumaa moja asubuhi mjini Sohar, Omani, mwaka wetu wa pili ugenini. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nimefagia mara mbili, nimefuta vioo, nimepanga vikombe kabatini vishikio vyote vikielekea kulia. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mimi mwenyewe bado sijapata mvi, kwa sababu najua unafunga begi umfuate mumeo Uarabuni. Mimi nilipofunga langu hakuna aliyenieleza haya.

Mume wangu Masanja ni fundi. Hakusomea chuoni. Alijifunza machimboni Mwakitolyo kwa kufungua makarasha mabovu, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Aliyafungua hadi nati ya mwisho, akayarudisha yakanguruma. Habari zake zikasafiri hadi kampuni moja ya kokoto huko Omani ikamchukua. Wapo wenye vyeti vyao ukutani waliokuwa wanasimamisha mtambo na kusema, "Mngojeni Masanja." Nalisema hili kwa kujivuna na siombi radhi.

Mimi niliishia darasa la saba. Kushona nilijifundisha, kusoma vitabu vinene nilijifundisha, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba siku moja watu watamgundua. Ndiyo maana kila kitu changu kilitakiwa kiwe bila doa, na kila doa lifichwe.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu Runzewe, kama kwa Wasukuma wengi, mama na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na kuliko yote, mmoja hamwoni mwenzake akila. Mama yangu akimwona mkwewe anakuja njiani, hukata kona akapita shambani. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na wote wawili wanajua kipimo chake. Kwa hiyo kila Ijumaa nilipompigia mama simu ya video, Masanja alibeba sahani yake akahamia chumbani.

Ijumaa ile alikuwa ametoka kwenye zamu ndefu. Alikaa mezani na singlendi yake, mbele yake ugali na samaki.

"Piga tu ukiwa hapo kwenye kochi," aliniambia. "Leo nimechoka kuhama."

Nikapiga. Nikamwonyesha mama kochi, nikamwonyesha friji, nikamwonyesha pazia nililoshona mwenyewe. Mama akawa anaitikia, "Eee! Eee!" kama mtu anayetazama sinema. Kisha akauliza, "Na ile meza uliyonisimulia iko wapi?"

Meza ilikuwa fahari yangu. Nilimtazama Masanja, shavu limejaa tonge. Nikageuza simu.

"Mayo!" Sauti ya mama ilitoka kama ameungua. Kioo kikawa cheusi, maana alitupia simu kanga, kisha ikakatika.

Masanja alibaki na lile tonge shavuni, halitafunwi wala halitemwi. "Nkwimba, umefanya nini?"

"Mkono umeteleza," nikasema.

Mama naye nilimwambia hivyohivyo nilipompigia tena kwa sauti tupu. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Pasipoti yake ilikuwa tayari. Alikuwa aje anipokee na mtoto, anikande kwa maji ya moto, anipikie uji, anifunge tumbo, kama bibi alivyomfanyia yeye. Akasema, "Siji."

"Mama!"

"Siji, mwanangu. Nyumba ambayo naletewa mkwe wangu akitafuna, mimi nitapita wapi kwenda msalani?"

"Vyumba viwili vinatosha, mama."

"Vinawatosha ninyi."

Nililia hadi Masanja akazima feni ili asikie kama ni mimi au ni bomba la jirani. Mtoto wa kwanza, nchi ambayo nilijua kuomba mkate na kushukuru tu, na mama hayupo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yangu, na nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe kwa mkono mmoja.

Siku ya tatu akapiga shangazi yangu wa Ngokolo, Mama Kulwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Leo sina marahaba. Mkono wako uliteleza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wewe? Wewe unayepanga vikombe vyote viangalie upande mmoja? Ulipokuwa mdogo ulifumua sweta zima kwa uzi mmoja uliopinda. Mkono wako haujateleza tangu uzaliwe, Nkwimba."

Nikatazama kabati la vikombe.

"Umemwanika mume wa watu kama michembe ya viazi juu ya jiwe, ili tu tuone meza. Tumeiona. Ni meza, ina miguu minne. Sasa nenda ukamwambie mumeo ukweli, kisha umwambie mama yako. Na usilie nikusikie, unamchosha mtoto tumboni."

Akakata. Shangazi hajawahi kuaga kwenye simu.

Masanja alikuwa anafunga bawaba ya kabati iliyolegea. Nikasimama nyuma yake maana uso wake sikuuweza. Nikasema, "Mkono haukuteleza. Niligeuza makusudi. Nilitaka mama aione meza, nikasema moyoni ni sekunde moja tu."

Aliendelea kukaza skrubu. "Najua," akasema. "Ulinitazama kwanza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unafurahi." Kisha akageuka. "Lakini mama yako ana haki. Hapa hana pa kupita."

Ndipo nilipomwona mume wangu akifanya kile ambacho nitakisimulia hadi nife. Alichukua futi kamba, akapima kutoka mlango wa nje hadi chumbani kwetu. Akaniuliza mama ana kimo gani, anatembea upande gani wa ukuta, anaamka saa ngapi. Jioni yake alirudi na reli ya chuma na kitambaa kizito cha kahawia. Nikakishona mimi, mishono miwili kila upande. Akakining'iniza kikaigawa nyumba: upande mmoja ujia wake mwembamba wa kuingia na kulala, upande mwingine sebule, jiko na choo vya mama. Yeye angeoga kazini. Karasha lililokufa alilifufua kwa namna hiyohiyo, kwa kuuliza kwanza kila kipande kinahitaji nafasi kiasi gani.

Huko Runzewe alimtuma kaka yake apeleke mbuzi kwa mama, kufuta aibu. Kisha nikampigia.

"Mama, niligeuza simu makusudi. Masanja hana kosa. Nilitaka kujionyesha."

Nikasikia kuku wake nyuma. Nikamweleza habari ya ujia, reli na kitambaa, maneno yakikanyagana.

"Hilo pazia," mama akasema mwishowe, "lina rangi gani?"

"Kahawia, mama."

"Afadhali. Jeupe lingeonyesha kivuli."

Akaja mwezi wa nane wa mimba yangu, na kifurushi cha michembe kilichowatia wasiwasi watu wa forodha. Tukaanza kuishi. Masanja alikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango, mama akasogea jikoni. Asubuhi mama aliimba polepole kumjulisha kwamba sebule ina mtu. Waliamkiana kupitia kitambaa, kila mmoja ameinamisha kichwa ingawa hakuna aliyemwona mwenzake. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kipakistani, alipoelewa mambo yetu akaanza kukohoa yeye mwenyewe huko chini kila alipoona gari la Masanja likiingia.

Chakula kilikuwa tabu. Masanja alikula ndani ya gari, kwenye joto lile. Jirani yetu, Bi Salma, Mwomani aliyezaliwa Unguja, akanikamata kwenye ngazi.

"We bibi, mumeo kala garini tena leo. Umemfukuza?"

"Hapana, bibi. Mama yangu yupo."

"Mamako ndiye kamfukuza?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaacha kucheka ghafla. "Hebu rudia. Anakula juani ili mamako asione haya?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kuanzia kesho anakula kwangu na mzee wangu. Mwanamume kama huyo hali garini."

Nilipanda ngazi zile na tumbo langu kubwa nikijiona mrefu kuliko jengo.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali mama ndiye aliyembeba. Masanja aliingia kwa kukohoa kama kawaida, akasimama ujiani. Nilimsikia akihema. Hospitali alikuwa amemwona mtoto kupitia kioo tu, maana muda wote mama alikuwa pembeni yangu, naye hakutaka kumbana.

Mama akasogea hadi kwenye pazia. Akageuza uso ukutani, akapenyeza mtoto kwenye mwanya, mikono yake tu ikapita upande wa pili.

"Baba Milembe," akasema. "Pokea."

Ndivyo binti yetu alivyopata jina, na ndivyo Masanja alivyoacha kuwa kijana mbele ya mama yangu. Nikaona ile mikono yenye makovu ya spana ikipokea. Kwa upande wa pili ilisikika sauti ndogo, "Wabeja, mama." Asante.

Mwanangu, ninalokuachia ni hili. Utakuwa mbali, na utashawishika kuwaonyesha wa nyumbani friji na kochi ili wajue umefika. Usimgeuze mwenzako kuwa sehemu ya maonyesho. Ukikosea, usiusingizie mkono wako. Sema ulikosea kabla shangazi hajapiga simu, maana kosa langu lilipona siku nilipolitaja na si siku moja kabla. Na usidhani heshima ya kwenu ni kubwa mno kwa nyumba ndogo ya ugenini. Chukueni futi kamba mpime. Itaingia, ila lazima mmoja wenu akubali kupita pembamba, na safari nyingine awe wewe.

Nenda salama. Mungu akupe jirani anayeuliza, mume anayekohoa mlangoni, na mama atakayefika kwa wakati. Watoto wako wapokelewe kwa mikono miwili.