Mdudu wa Mmea wa Bia

Juma lililopita nilikuwa kwenye ofisi ya kilimo hapa Kilifi, nikingojea miche ya minazi, mara akaingia mzungu mmoja mstaafu wa upande wa Malindi, pamoja na mama anayempikia. Akaweka juu ya kaunta shina la mmea wa kutambaa, limefungwa kwa gazeti.

“Mbegu nilitoa Ulaya,” akamwambia karani. “Maua yake ndiyo yanayotia bia uchungu, nami nataka kupika yangu nyumbani. Lakini kila ukichipua, kuna mdudu anakata ncha. Nipe dawa.”

Karani akavaa miwani, akaligeuza lile shina. “Mzee, mdudu huyu ana kisu.”

Yule mama akaanza kufunga leso yake upya, na wala haikuwa imelegea.

“Bwana,” akasema, “mimi nilidhani ni mboga ya kwenu, kama mchunga wetu. Niliionja, chungu vile vile. Na mboga chungu sisi hatuiachi ikazeeka. Nilipoitia tui la nazi, si wewe uliyetaka uongezwe?”

Mzungu akaiva uso mpaka masikio. Sote tukajua kazi ya mama imekwisha.

“Ile ya jana?”

“Ya jana, na ya Jumapili.”

Akalikunja gazeti lake taratibu. “Imebaki?”

“Kidogo, Bwana.”

Wakaondoka bila dawa. Pwani hii nimewaona wengi waliokunywa mashamba yao mpaka yakaisha. Huyu ni wa kwanza kumwona aliyekula bia yake, tena kwa sima.