Enzima za Stergios

Katika hospitali zetu mgonjwa hupewa kitanda na mwenye kumuuguza hupewa kiti. Manesi ni wachache, kwa hiyo kumgeuza mgonjwa, kumnywesha na kumfuta jasho ni kazi ya jamaa, na jamaa maana yake ni mwanamke. Asimina alikuwa ameganda kwenye kiti hicho tangu mumewe Stergios alipoletwa, na nguo alizotoka nazo kijijini mlimani zilikuwa bado mwilini. Mgongo wake ulikuwa umeshaacha hata kulalamika.

Uyoga ndio uliomleta Stergios. Mzee huyo, mchungaji wa mbuzi tangu utotoni, aliuokota mwenyewe chini ya mialoni baada ya mvua ya kwanza, kama alivyookota miaka yote, na Asimina akaukaanga kwa vitunguu. Yeye mwenyewe hakuula. Jioni ile alikuwa akikanda mkate wa altare kwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira, na mwanamke anayekanda mkate huo hatii kitu tumboni mpaka utoke tanurini. Mume akala peke yake, akausifu, akakomba sahani. Sasa Asimina alikuwa akikionea uchungu kile kilichomwokoa. Angekula naye, aliwaza, angalau angekuwa kitandani amelala.

Kila asubuhi Stergios alitolewa damu, na kila adhuhuri Daktari Pavlina, binti mwenye macho mekundu ya kukesha, alileta jibu lilelile: enzima zimepanda.

Neno hilo halikuwa geni kwa Asimina. Ni neno la kwetu, la Kigiriki, tena la jikoni: lenye chachu ndani yake. Padri wetu wa Kiorthodoksi hulitamka kila mara, kwa kuwa mkate wa altare sharti uwe umeumuka, usiwe mkavu kama wa Wakatoliki, na kwa ajili ya chachu hiyo mababu zetu waligombana na Roma mpaka leo hawajapatana vizuri. Baadaye wataalamu waliona kuwa ndani ya hamira mna kitu kinachokigeuza kitu kingine, wakaenda kulichukua neno la waoka mikate wakakibandika. Ndicho wanafunzi wa Kiswahili wanachokiita kimeng'enya. Maneno yetu huondoka nyumbani hivyo bila kuaga, kisha hurudi yamevaa koti jeupe na kututisha.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Thymios, mkulima wa zafarani mwenye mguu uliovunjika na ulimi mzima kabisa.

"Hata sabuni ya mke wangu ina enzima," alisema. "Imeandikwa kwenye pakiti. Wewe Stergios, una hakika ulikula uyoga?"

"Cheka tu," Stergios akajibu. "Mimi nagandisha jibini kwa tumbo la mwanambuzi tangu wewe hujaota meno. Humo tumboni mna hizo hizo enzima, ni vijakazi vyangu. Zitanisikia."

Daktari aliwaeleza taratibu. Ini lina enzima zake ndani, na likiumia huvuja zikaingia kwenye damu. Zikionekana nyingi humo, basi ini limeumia sana. Asimina alikuwa amechoka, na katika maelezo yote aliondoka na jambo moja: kupanda ni kubaya. La pili alijijazia mwenyewe, kwamba kushuka ni kuzuri. Binti yao Evanthia, anayefanya kazi Ujerumani, naye alipopiga simu hakuuliza tena baba amekula nini. Aliuliza tu zimepanda au zimeshuka.

Mkesha wa Sikukuu ya Msalaba zilishuka. Nesi aliyepita ndiye aliyezisoma, na hazikushuka kidogo, ziliporomoka. Asimina akapiga ishara ya msalaba. Evanthia akalia kwenye simu, kisha akamwamuru mama yake apande basi la alasiri arudi nyumbani akalale. Tena kesho ndiyo siku ya kutengeneza chachu ya mwaka: wanawake hutoka kanisani na matawi ya mrehani, huyalaza juu ya unga na maji, na unga huumuka pasipo hamira. Chachu ya zamani ilikuwa imeshakufa jikoni bila wa kuilisha. Stergios alikuwa amelala usingizi mzito tangu alfajiri, na Asimina alishukuru kwamba hatimaye mwili umepata kupumzika. Naye alitamani kupumzika kwa tamaa aliyoionea haya.

Kwetu habari njema haikaliwi kimya, mwenye nayo hukirimu watu. Asimina akavaa viatu vyake vya safari, akateremka kantini, akanunua boksi la lukumi, peremende laini zenye vumbi la sukari, na kuzigawa wodi nzima. Kila aliyechukua alisema, "Awe wa chuma!" Thymios alichukua mbili.

Daktari Pavlina alipoingia naye alinyooshewa boksi. Hakuchukua. Alimshika Asimina mkono akamtoa hadi ukumbini.

"Mama, nani amekwambia hii ni habari njema?"

"Zimeshuka, mwanangu."

"Zimeshuka kwa sababu ini halina tena cha kutoa. Limekwisha."

"Na huu usingizi?"

"Ndio ugonjwa wenyewe." Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wameulizia ini jingine katika hospitali kubwa, wakakataliwa, kwa kuwa umri wake na moyo wake haviruhusu apasuliwe.

Asimina hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Kinyunya kikisahauliwa usiku kucha hupanda, kisha hunywea chenyewe, na mjinga hudhani kimetulia. Kumbe chachu imemaliza kila ilichokuwa nacho. Aliona hasira, hasa juu ya ile furaha yake, kwamba alikuwa ameizungusha kitanda kwa kitanda kwenye boksi. Basi lilikuwa bado halijaondoka. Alirudi kitini.

Stergios alifumbua macho akiwa ameshikwa mkono. Macho yalikuwa ya manjano, nayo yalimtafuta kwa muda.

"Zimeshuka?"

"Zimeshuka."

"Si nilikwambia, bibi yangu wewe." Akaliona boksi magotini mwake. "Umekirimu watu wote, mimi mwenye habari umeniacha?"

Asimina akamega kipande kidogo cha lukumi, akampaka sukari yake midomoni.

"Mungu akuweke, mume wangu," alisema, na akangoja ailambe.