Pale Mashine Iliponyamaza

Niliitengeneza mwenyewe, na kila waya wake nilijivunia. Naliandika hilo kwanza, nisije nikajificha baadaye nyuma ya serikali, ingawa na serikali nayo nina ugomvi.

Wahindi wenye maduka walikuwa wameshafukuzwa nchini, na bidhaa zikatoweka pamoja nao: sufuria, bawaba, spea za redio, hata sindano za cherehani. Mjomba wangu alikuwa fundi wa birika na taa za koroboi pale Old Kampala, na sasa hakuwa na cha kufua. Chini ya mtaa kulikuwa na jalala kuukuu ambako maduka yale yalitupa taka zao miaka na miaka. Watu walisema Wahindi wamefukia dhahabu mle. Mjomba hakutaka dhahabu. Alitaka shaba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ufundi wa redio nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kumwomba Mungu zikubali kufungika tena. Nikazungusha waya kwenye duara la ungo uliotoboka, nikauunganisha na redio ndogo, nikavaa hedifoni. Mluzi mwembamba ukasikika. Ungo ukipita juu ya shaba, mluzi ulipanda. Ukipita juu ya chuma, ulishuka.

Tatizo ni kwamba jalala lilikuwa misumari tupu. Kila hatua mluzi ulishuka, na mimi siwezi kuvumilia kitu kinachokoroma. Nilihangaika siku tatu, nikirekebisha na kurekebisha tena, mpaka chuma kikipita mluzi ukawa unakufa kabisa. Kimya. Niliona nimefanya kazi safi mno.

"Injinia wangu," Mjomba aliuliza, "mbona leo imetulia kama bibi harusi?"

"Nimeondoa chuma, Mjomba. Sasa inasema kitu cha maana tu."

Ndivyo nilivyosema, kwa majivuno. Nilikiondoa masikioni mwangu. Ardhini kilibaki.

Mjomba akajiwekea utaratibu: nikimwambia inalia, anachimba pale, nikimwambia kimya, anapiga goti pale, akiamini hapana kitu. Nilimwona akifanya hivyo asubuhi nne mfululizo. Nilimsahihisha namna ya kushika jembe. Nilimkemea kwa kuchanganya shaba na bati kwenye gunia. Goti lake sikuliambia neno.

Siku ya tano nilisema, "Hapo kimya," naye akapiga goti, akatoa sauti kama ya mtu aliyeshtushwa na maji baridi. Msumari wa sanduku, wenye kutu na matope meusi, uliingia kando ya pia ya goti. Aliung'oa mwenyewe.

"Mashine yako imelala kazini," alisema, akacheka.

Nilificha ungo na waya ndani ya gunia kabla ya kumfunga kidonda. Ndiyo, kabla. Siku zile mtu mwenye waya na hedifoni alikuwa jasusi, basi. Fundi mmoja wa Kamwokya alichukuliwa na wanajeshi kwa sababu ya antena ndefu juu ya paa, na mkewe hakuambiwa hata pa kupeleka nguo. Kwa hiyo tulipofika zahanati, na muuguzi akauliza msumari ulikuwa wa wapi, nilijibu haraka kabla Mjomba hajafungua kinywa.

"Wa nyumbani. Kiti kimevunjika."

"Msafi?"

"Msafi kabisa."

Mjomba alinitazama, akamnyooshea muuguzi mguu. Muuguzi alisafisha, akafunga, akaturudisha nyumbani.

Siku ya nane tangu achomwe, Mjomba alishindwa kufungua kinywa anywe chai. "Injinia," alisema kwa meno yaliyobana, "taya umelikaza kwa skrubu gani?" Alitaka nicheke. Mchana mgongo wake ukapinda kama upinde, nikajua ni pepopunda.

Nilisema ukweli wote zahanati, kwa sauti, jalala na mashine na waya, huku mwanajeshi mwenye bandeji mkononi amekaa benchi lile lile. Nilingoja anikamate. Aligeuza shingo.

"Hii mashine yako inaweza kamata dahabu?"

"Inakamata shaba."

"Aa. Shaba ya nini?" Akaendelea kukuna bandeji yake.

Ni hayo tu. Hofu yote ile, na hakutaka hata kujua jina langu.

Muuguzi hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. "Mwanangu, siku ile nilikuwa na sindano tatu za kuzuia pepopunda," alisema. "Nazitunza kwa vidonda vya uchafu. Ungesema jalala, ningempa moja. Leo sina."

Mjomba alikufa baada ya siku nne, akili yake timamu mpaka mwisho, na hilo ndilo nisiloweza kuwasamehe walionitia hofu, wala kujisamehe mimi niliyekubali kutiwa.

Matanga hayajaisha, jirani akanivuta pembeni. Alitaka kuazima mashine.

Nilimwambia: inapolia pana shaba, inaponyamaza panaweza kuwa na msumari, chupa iliyovunjika, lolote, usipige goti popote. Na ukichomwa, sema ulichomwa jalalani, sema hata mbele ya bunduki.

"Sawa, sawa," alisema. "Lakini utaniazima?"

Nilimtukana mbele ya waombolezaji wote, nikamtukania na mama yake, na sijamwomba radhi.